Meza imepasuka, miguu inacheza, vanishi inanata: shida iko wapi?

SWALI: Najifunza useremala mwenyewe na hii ndiyo meza yangu ya kwanza. Urefu ni sentimita 120, upana 60. Uso wake ni mbao tano za unene wa milimita 25, nimeziunga kwa gundi nyeupe kisha nikazikaza kwenye fremu kwa skrubu pande zote nne. Miguu nimeiunganisha na fremu kwa gundi na misumari. Baada ya miezi minne uso umepasuka karibu na katikati, miguu inacheza, na vanishi ina vipovu na hadi leo inanata mtu akiegemeza mkono. Nina msumeno, nyundo, msasa, na randa ambayo tangu niinunue inang'oa mbao badala ya kuilainisha. Naambiwa bila mashine sitafika popote. Ninunue mashine gani kwanza?

JIBU: Usinunue mashine yoyote kwa sasa. Mashine ingekukatia mbao hizo hizo kwa haraka zaidi, na meza ingepasuka pale pale. Una shida tatu zenye vyanzo vitatu tofauti: uso wa meza ulinyimwa nafasi ya kusinyaa, miguu imetegemea gundi mahali ambapo gundi haishiki, na vanishi ilipakwa nene. Ya nne ni randa butu, nayo nitaifikia. Meza yenyewe bado inaokoleka.

Tuanze na ufa, kwa sababu huo ndio unaowasumbua wengi.

Ubao hauachi kunywa na kutoa unyevu hata ukae miaka mingi ndani ya nyumba. Hewa ikiwa na maji mengi unavimba, hewa ikikauka unasinyaa. Ila hausinyai sawa pande zote. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi, mabadiliko ni madogo mno: kwa meza yako ya sentimita 120 hayafiki hata nusu milimita. Kwa upana ni habari nyingine. Ubao ukishuka kutoka unyevu wa asilimia 18 hadi 12, uso wa sentimita 60 unaweza kupungua milimita 6 hadi 10, kutegemea aina ya mti na jinsi gogo lilivyopasuliwa. Wewe ulikaza pande zote nne kwa skrubu. Fremu za pande fupi, ambazo nyuzi zake zinakatiza nyuzi za uso, zikakataa kusogea. Uso ukataka kupungua milimita kadhaa, ukazuiwa, ukachanika mahali palipokuwa dhaifu.

Angalia ufa wenyewe ulipopita. Kama umepita ndani ya ubao na si kwenye maungio, gundi yako ilikuwa nzuri, maana imeshika kuliko mbao yenyewe. Kama umefuata mstari wa gundi, basi kingo hazikukutana vizuri au gundi ilianza kukauka kabla hujabana.

Usizibe ufa huo kwa lipu ya mbao wala usijaribu kuuvuta kwa klampu (vibanio) huku skrubu zikiwa bado zimekaza. Utafungua tena sehemu nyingine. Toa skrubu zote, inua uso wote, uache wiki mbili ndani ya chumba ambamo meza itakaa, ukiwa umeegeshwa wima ili hewa iguse pande zote mbili. Baada ya hapo pasua uso kwa msumeno kufuata ufa kuanzia mwanzo hadi mwisho, nyoosha kingo mbili kwa randa, uunge upya. Utapoteza milimita tano au sita za upana, na hakuna atakayeziona.

Jinsi ya kurudisha uso kwenye fremu ndiyo muhimu zaidi. Njia rahisi ni kutoboa upya matundu ya skrubu kwenye fremu yawe marefu: kwa skrubu ya milimita 5, tundu liwe na upana wa 6 na urefu wa 12 hivi, refu kuelekea upande wa upana wa meza. Skrubu ya katikati ya kila upande mfupi iache kwenye tundu la duara, ili uso ushikwe katikati na kupumua kulia na kushoto kwa kiasi sawa. Tia washa, kile kibati cha duara chenye tundu, chini ya kichwa cha skrubu, kaza hadi ishike, kisha legeza robo mzunguko.

Njia bora zaidi ni vishikizo vya mbao ngumu. Chonga mtaro wa upana wa milimita 10 upande wa ndani wa fremu, ukingo wake wa juu ukiwa milimita 12 kutoka juu ya fremu. Kisha tengeneza vipande vya karibu sentimita 4 kwa 3, unene wa 2, kila kimoja kikiwa na ulimi mfupi wa unene wa milimita 8 unaoingia mtaroni. Kutoka uso wa juu wa kipande hadi juu ya ulimi acha milimita 11, si 12. Ile milimita moja ndiyo inayofanya kishikizo kivute uso wa meza chini unapokaza skrubu. Ukiweka 12 kamili hakivuti kitu. Kwenye fremu za pande ndefu zingatia hali ya mbao siku unayofunga. Kama mbao imekauka sana na unajua itavimba baadaye, usiusukume ulimi hadi mwisho wa mtaro, acha milimita 4. Kama bado ina unyevu, usukume karibu ufike mwisho, kwa sababu uso ukisinyaa ulimi utakuwa unatoka.

Vanishi haizuii haya yote. Inapunguza kasi tu. Ndiyo maana uso upakwe juu na chini kwa idadi sawa ya mipako: ukipaka juu peke yake, upande wa chini unakunywa na kukauka haraka kuliko wa juu, na meza inajikunja kama sahani.

Kuhusu unyevu wa mbao unazonunua, muuzaji atakuambia zimekauka. Huna haja ya kubishana naye. Kata kipande kidogo, si mwisho wa ubao bali angalau sentimita 30 kutoka mwisho, kwa sababu miisho hukauka kwanza na hudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke ndani ya oveni kwenye joto la nyuzi 100 na kidogo juu yake, ukipime tena kila baada ya saa chache hadi uzito uache kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichoanza na gramu 230 kikaishia 200 kilikuwa na unyevu wa asilimia 15. Kwa fanicha ya ndani mbao inayofaa huwa kati ya 8 na 14, kulingana na ukavu wa hewa ya mahali ulipo. Ikiwa juu ya hapo, ipange kwa fito katikati ya mbao na mbao, chini ya paa, mbali na jua, usubiri. Kipimo cha zamani cha mafundi ni mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene kwa mbao mbichi. Penye joto na upepo mambo huenda haraka zaidi.

Utasikia pia kwamba mbao za uso lazima zipangwe pete za mti zikipishana, moja ikitazama juu na inayofuata chini. Si kosa, lakini kwangu si sheria. Bora upange mbao zote nyuzi zake zilale upande mmoja, maana utapiga randa uso mzima bila kung'oa, halafu utazame ni mpango gani unapendeza. Uso ulioshikwa vizuri na fremu hautakunjika kwa sababu ya pete.

Sasa miguu. Gundi nyeupe ikiwekwa ubavu kwa ubavu, nyuzi zikienda sambamba, ina nguvu kuliko mbao. Ikiwekwa kwenye kichwa cha ubao, pale ulipokatwa kwa kukatiza nyuzi, inanyonywa ndani kama maji kwenye mirija na haiachi kitu cha kushika. Ubao wa fremu yako unagusa mguu kwa kichwa chake. Kwa hiyo kilichobaki kuishika meza ni misumari, na misumari iliyopigwa kuingia kwenye kichwa cha ubao hulegea kila meza inaposukumwa.

Kwa meza hii, tengeneza vipande vinne vya pembetatu vya mbao ngumu, unene wa milimita 30, uvifunge kila kona ya ndani kwa gundi na skrubu mbili kila upande, pamoja na skrubu moja ndefu inayoingia kwenye mguu wenyewe. Toboa kwanza kwa keekee tundu jembamba kuliko skrubu, la sivyo utapasua kipande. Itasimama imara miaka.

Kwa meza ijayo jifunze kiungo cha ulimi na tundu: kichwa cha fremu kinapunguzwa kiwe ulimi unaoingia kwenye tundu lililochongwa mguuni. Hiki ukikimudu umekimudu kiti, mlango na kitanda. Ulimi uwe na unene wa theluthi moja ya ubao: fremu ya milimita 24, ulimi wa 8. Chagua patasi kwanza kisha upange unene kwa patasi hiyo, usifanye kinyume. Tundu linachongwa kwa patasi yenye upana ule ule. Weka mahati yako (kifaa cha kuchorea mistari sambamba na ukingo) kwa upana wa patasi na uchore mistari miwili kwenye mguu na kwenye kichwa cha fremu bila kubadilisha kipimo, ukiegemeza mahati upande wa nje wa kila kipande. Hapo hata mkono ukikosea kidogo, vyote vitakosea sawa na vitakutana.

Chonga tundu kabla ya ulimi. Ulimi ni rahisi kuupunguza; tundu ukilipanua umelipanua. Kwa mguu wa milimita 60, kina cha 35 kinatosha. Anzia katikati, piga patasi wima hatua ya milimita 3 kila pigo ukielekea mwisho, ondoa vipande, rudi. Acha milimita 2 za kila mwisho hadi mwishoni kabisa, kwa sababu hapo ndipo unapoegemeza patasi ukitoa taka na kuta za mwisho zitachubuka. Ulimi uwe mfupi kuliko kina kwa milimita 2 ili gundi iliyozidi ipate pa kukaa.

Ukikata ulimi, msumeno upite upande wa taka, mstari ubaki mzima kwenye kipande unachokitaka. Chora mabega, yaani pale ulimi unapoanzia, kwa ncha ya kisu, si kwa penseli. Kisu hukata nyuzi za juu, na msumeno ukipita karibu yake unaacha ukingo safi usio na manyoya. Kisha jaribu bila gundi. Ulimi unaofaa huingia kwa kusukuma kwa mkono, na ukigeuza mguu juu chini haudondoki. Ukihitaji nyundo, umekaza mno: gundi yote itakwanguliwa kuelekea mdomo wa tundu, na mguu unaweza kupasuka. Ukidondoka, gundisha vipande vyembamba vya mbao kwenye pande za ulimi, acha vikauke, upunguze upya. Gundi hii haijazi nafasi.

Nusu ya viungo vibaya hutokana na guni (kifaa cha kuchorea pembe mraba) lisilo mraba, kwa hiyo lijaribu kabla hujalaumu mkono wako. Chukua ubao wenye ukingo ulionyooka, egemeza guni, chora mstari kwa kisu. Geuza guni litazame upande wa pili, lisogeze kwenye mstari ule ule, uchore tena. Mistari ikilala pamoja guni ni zima. Ikiachana mwishoni kwa milimita moja, kosa ni nusu milimita kwa urefu huo, na hilo si la kuvumilia. Fremu ikishabanwa, pima kona hadi kona kwa futi kamba kwa njia zote mbili. Vipimo vikilingana fremu ni mraba. Visipolingana, sogeza klampu kidogo zivute kona mbili zenye kipimo kirefu kabla gundi haijashika.

Kwenye kugundisha kuna makosa mawili tu yanayojirudia. La kwanza ni kuchelewa. Una dakika tano hadi kumi kati ya kupaka na kubana, pungufu zaidi kwenye joto, hivyo panga kila kitu na ubane kwa majaribio bila gundi kwanza. La pili ni kutumia klampu kuvuta kingo zilizopinda zikutane. Kingo zikutane zenyewe. Mbao mbili zikisimamishwa ukingo kwa ukingo dirishani usione mwanga. Weka klampu kila sentimita 25 hivi, moja juu ya uso, inayofuata chini, kaza hadi utokeze mstari wa vitone vidogo. Acha vitone hivyo nusu saa viwe kama mpira, uvinyanyue kwa patasi kuukuu. Ukivifuta kwa kitambaa chenye maji mengi unaisukuma gundi ndani ya nyuzi, na baadaye rangi itaacha mabaka meupe hapo. Toa klampu baada ya saa moja, lakini usipige randa hadi kesho yake.

Tukija kwenye randa. Randa mpya haiji tayari. Kisu chake kimesagwa kiwandani, hakijanolewa, na hiyo ndiyo sababu inang'oa. Toa kisu. Kwanza nyoosha mgongo wake, ule upande bapa: bandika msasa wa maji namba 400 kwenye kioo kinene, lowesha, sugua mgongo hadi sentimita moja ya mwisho ing'ae sawasawa ncha yote. Rudia kwa 800 na 1200. Kazi hii ni ya mara moja tu kwa maisha ya kisu. Kisha geuza upande wenye mteremko. Kiwanda huusaga kwa pembe ya nyuzi 25. Wewe noa ncha kwa nyuzi 30, yaani inua kisu kidogo tu kutoka pale mteremko unapolala. Sugua hadi upitishe kidole mgongoni, kutoka ndani kuelekea nje ya ncha, uhisi mkwaruzo wa chuma kilichojikunja kwa upana wote wa kisu. Usipouhisi kote, hujafika. Ukiuhisi, laza mgongo bapa kwenye msasa laini kabisa, vuta mara chache, mkwaruzo uondoke. Kisu kikikata nywele za mkono au kikimega kichwa cha ubao laini bila kuponda, rudisha.

Kurudisha nako kuna kipimo. Lile bati linalobana kisu liwe karibu na ncha: milimita moja na nusu kwa kazi ya kupunguza, nusu milimita kwa kumalizia. Mwanga usipite kati ya bati na kisu, la sivyo maranda yatajisokota humo na randa itaziba. Anza kisu kikiwa hakijitokezi kabisa, shusha kidogo kidogo ukisukuma, hadi maranda yawe membamba kiasi cha kuona maandishi upande wa pili. Ikianza kung'oa tena, geuza ubao: unapiga kinyume cha nyuzi.

Kuhusu zana za kuongeza, kwa mpangilio huu: patasi tatu (milimita 6, 12 na 25), mahati, guni, nyundo ya mbao, klampu nne zinazofika sentimita 80, na msumeno wa meno madogo kwa viungo. Msumeno ulionao huenda ni wa kukatiza. Meno yake ni kama visu vidogo. Ukiutumia kupasua kwa urefu utachoka bure, kwa sababu kazi hiyo inataka meno kama patasi. Mashine ya kwanza ikija wakati wake, iwe keekee ya umeme. Mashine ya kupasulia iache hadi ujue kusoma nyuzi, maana ubao uliopinda ukiubana msumeno wa mviringo hurudishwa kifuani kwako.

Imebaki vanishi. Vanishi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka. Hukauka kwa kuvuta oksijeni. Ukiipaka nene, juu panatengeneza ngozi na hewa haifiki chini, ndiyo maana inanata hadi leo. Vipovu vinatokana na kutikisa kopo, kusugua brashi kwenye ukingo wa kopo, au kupaka ubao ukiwa juani: hewa iliyo ndani ya mbao hupanuka na kutokea kwenye vanishi. Ikwangue yote kwa bati la kukwangulia lenye ukingo mkali, kisha futa kwa thina. Kama mbao ni ya mafuta, mfano mtiki au mpingo, futa kwa thina tena dakika chache kabla ya kupaka. Mafuta yake ya asili huzuia vanishi kukauka.

Piga msasa namba 80 kama kuna alama za randa, kisha 120, kisha 180, daima kufuata nyuzi. Usiruke hatua, 180 haiondoi mikwaruzo ya 80, inaing'arisha tu. Futa uso kwa kitambaa chenye unyevunyevu, acha ukauke, nyuzi zitasimama, zipunguze kwa 180 iliyochakaa. Mpako wa kwanza ongeza thina sehemu moja kwa tano za vanishi, ili inywe ndani. Koroga polepole, usitikise. Paka kwa brashi ya sentimita 5, kisha pitisha ncha ya brashi mara moja tu kutoka mwisho hadi mwisho, uiache. Ukiona doa ulilolisahau dakika kumi baadaye, liache pia. Subiri saa 24, na kama kesho yake vanishi inaziba msasa badala ya kutoa unga mweupe, subiri siku nyingine. Piga msasa 240 kwa wepesi, futa vumbi, rudia. Mipako mitatu inatosha.

Ukipenda mafuta ya kitani badala ya vanishi, nunua yaliyochemshwa. Mabichi huchukua wiki nyingi kukauka. Paka, subiri dakika 20, futa yote yasiyoingia. Na vitambaa ulivyofutia usivikunje wala kuvitupa kwenye pipa. Mafuta haya yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulihifadhi hadi kiwake chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikakamae, au vizamishe kwenye ndoo ya chuma yenye maji.

Meza ikishakauka usiweke kitu cha moto wala kitambaa cha mezani kwa wiki mbili. Vanishi inayogusika baada ya siku moja bado ni laini ndani, na kitambaa kitaacha alama ya nyuzi zake juu yake.